Aliyekuja Kusafisha Kompyuta

Haya ninayotaka kukueleza yalinipata mimi mwenyewe, nyumbani kwangu Buhongwa, saa nne asubuhi, jua likiwa limewaka na mikono yangu ikiwa na povu la sabuni. Sikusimuliwa na mtu, wala sikuota. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wakisikia habari za aina hii hudhani ni lazima iwe usiku, porini, karibu na makaburi. Mimi nilikuwa nafua. Aliyekuja alibisha hodi kama mtu mwingine yeyote, na mimi nikamwambia karibu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mume wangu alifariki zamani, watoto wameshaondoka kila mmoja na maisha yake, na kwa miaka sita nilikuwa naishi na mama yangu mzazi. Nilimleta Mwanza kutoka Muleba miguu ilipoanza kumsumbua. Mama alikuwa mtu wa kuongea, niamini ninapokuambia hivyo. Aliongea na kuku. Alibishana na redio. Alikaa kibarazani akawahoji wapita njia wanatoka wapi na wamekula nini, mpaka wengine wakawa wanazunguka makusudi ili wapite kwetu. Huko nyumbani alikuwa ameimba kwaya ya kanisani tangu usichana wake, sauti ya pili, na hata akichambua maharage ungemsikia anaitikia wimbo ambao hakuna mwingine aliyekuwa anauimba.

Kompyuta yangu ni ile ya mezani, ya zamani, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Nilikuwa naandikia mitihani ya shule, na walimu wenzangu walikuwa wananiletea ya kwao niwachapie. Lakini kilichokuwa na thamani humo ndani hakikuwa mitihani. Zilikuwa rekodi za Mama. Nilianza siku moja tu, aliponieleza jinsi babu yetu alivyohamia pale Muleba, nikaona nisiyaache yapotee, nikaweka simu mezani nikamrekodi. Baada ya hapo ikawa desturi yetu kila Jumapili mchana. Majina ya mababu, nani kazikwa wapi katika kibanja chetu, yaani shamba la ukoo, nyimbo, visa vya shangazi zake, vichekesho. Nikimaliza naihamisha rekodi kwenye kompyuta na kuifuta kwenye simu ili simu isijae. Zilifika zaidi ya mia moja.

Fundi wangu wa kompyuta alikuwa Deusi. Ni mtu mzima, Mkerewe, ana pengo la jino la mbele na kibanda chake cha kazi kipo Buzuruga karibu na stendi. Deusi alikuwa fundi na mwalimu pamoja. Kila akija alinirudia yaleyale: nisichomeke kila flashi ya kila mtu bila kuikagua, nisiache kinga ya virusi ikaisha muda, nisibonyeze kila tangazo linaloniambia nimeshinda zawadi. Na kubwa kuliko yote, aliniambia hivi: "Mwalimu, vitu ambavyo ukivipoteza utalia, viweke sehemu mbili." Alinipa hata flashi yake niweke nakala. Nikaiweka kwenye droo nikisema nitafanya Jumamosi. Unajua Jumamosi zilivyo.

Basi msimu wa mitihani walimu wakaja na flashi zao, nikazichomeka zote. Kompyuta ikaanza kuumwa. Nikiiwasha naweza kwenda jikoni nikakoroga uji ukaiva, nirudi bado haijafunguka. Mafaili yakageuka vimshale, ukikibonyeza kimoja hakiendi popote. Matangazo ya kubeti yakawa yanajifungua yenyewe mbele ya Mama, naye anasoma kwa sauti na kuniuliza kama nimeanza kucheza kamari. Nikampigia Deusi siku ya Jumanne. Mtandao ulikuwa mbaya, nikasikia tu anasema yuko safarini ila wiki hiyo atafika, kisha simu ikakata.

Alhamisi yake shule ilikuwa imefungwa, mimi nipo uani na beseni, Mama yupo sebuleni kwenye mkeka wake. Hodi ikapigwa getini. Kufungua, ni Deusi. Shati lilelile la mistari, begi lilelile la bluu, pengo lilelile. Nikamwambia nilifikiri bado uko safarini, akasema, "Nimekuja kusafisha." Nikampitisha ndani.

Nikikumbuka sasa naona vitu vitatu ambavyo vingenitosha. Usiku wa kuamkia siku ile mvua ilikuwa imenyesha, na barabara yetu ikinyesha ni tope la kufika kwenye vifundo, lakini viatu vyake vilikuwa vikavu na visafi. Cha pili, hakumsalimia Mama. Deusi hajawahi kuingia kwangu bila kuinama mbele ya Mama na kumwambia, "Shikamoo Mama mkubwa," kisha anajaribu Kihaya chake kibovu na Mama anamcheka mpaka machozi. Siku hiyo alimpita kama anayepita kiti. Cha tatu, hakuuliza kompyuta ina tatizo gani. Je, ni fundi gani anaanza kazi bila kuuliza mgonjwa anaumwa wapi? Nilimwona amekaa, nikarudi kwenye nguo zangu.

Sikukaa sana uani. Mama akaniita. Nikaenda mpaka mlangoni mikono inachuruzika maji. Alikuwa amejikokota kutoka kwenye mkeka mpaka ameegemea ukuta, mbali na meza ya kompyuta kadiri alivyoweza. Akaniambia kwa Kihaya, taratibu tu, kama mtu anayekueleza kwamba maziwa yameganda:

"Huyu si Deusi."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Nikamwambia Mama, tulia, ni Deusi, amechoka na safari. Macho ya Mama hayakuwa mazuri siku zile, na mara moja moja alikuwa anawachanganya wajukuu majina. Nikahesabu ni hayo.

Yule mtu hakugeuka. Alikuwa ameweka mikono yake miwili juu ya vibonyezo bila kuandika chochote, vidole vimetulia, na kwenye kioo cheusi mistari ya maandishi meupe ilikuwa inapanda haraka kuliko macho yangu yanavyoweza kufuata. Hakuchomeka flashi wala diski. Akaniuliza, "Kuna vitu vingi vinailemea. Nichukue?"

Nikamwambia aondoe tu. Akauliza mara ya pili, maneno yaleyale, sauti ileile. Nikasema ndiyo, Deusi, ondoa kila kinacholemea. Mama akaanza kuniambia nisimpe, nisimpe, na mimi aibu ikanishika kwa sababu niliona anamdhalilisha fundi aliyetusaidia miaka yote. Ndipo akageuka akaniangalia usoni. Akasema, "Sema wewe mwenyewe. Nichukue?"

"Chukua," nikamwambia.

Nisingeweza kukueleza nilichoona, kwa kuwa sikuona kitu. Hakuna taa iliyozimika wala upepo uliovuma. Ila Mama aliyekuwa anaongea alinyamaza katikati ya neno. Nikadhani amekasirika. Yule mtu akaizima kompyuta, akaiwasha mbele yangu, ikafunguka kabla sijavuta pumzi ya pili. Nikafurahi, nakuambia ukweli. Nikampongeza. Nikamuuliza malipo yake, akasema tumeshamalizana. Akabeba begi lake akatoka. Nilipofika getini kulifunga alikuwa haonekani barabarani, na kwenye lile tope lote kulikuwa na alama za miguu ya kuku peke yake. Hilo nililiona kwa macho, ila halikuniingia akilini.

Mchana nikapika ndizi na samaki. Mama akala vizuri. Nikamsemesha, hakujibu. Nikamwomba msamaha kwa kumnyamazisha mbele ya mgeni, akanishika shavu, kumaanisha hana hasira. Nikamwambia basi sema. Akafungua mdomo. Ikatoka pumzi. Akajaribu tena, mishipa ya shingo ikasimama, ikatoka pumzi tu kama mtu anayepuliza moto. Tukaangaliana. Mpaka leo sijaona macho ya mtu yakiwa na maneno mengi namna ile.

Kesho yake asubuhi na mapema nikamchukulia bajaji mpaka hospitali. Walimpima presha, wakamwangalia koo, wakamwambia ainue mikono, akunje uso, atoe ulimi. Daktari alikuwa dada mpole sana, akaniambia alidhani ni kiharusi lakini haoni dalili yake. Uso haukupinda, mikono ina nguvu, koo ni zima. Akaniuliza kama amepata mshtuko. Ningemwambia nini? Kwamba fundi alikuja kusafisha kompyuta?

Jumamosi hodi ikapigwa, nikafungua, Deusi kasimama getini na begi la bluu. Viatu vimejaa tope. Akanipita akaenda moja kwa moja kwa Mama, akainama, "Shikamoo Mama mkubwa." Mama akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamkagua uso, akaanza kulia bila sauti.

Nikamuuliza Deusi amesahau nini juzi. Akaniuliza juzi gani. Ndipo akanieleza kwamba tangu Jumatatu alikuwa Ukerewe anafunga kompyuta za shule moja huko, amerudi na meli ya jana. Akatoa simu akanionyesha picha za Alhamisi, yeye na walimu wa kule wamesimama mbele ya madawati. Nilikaa chini kwenye sakafu, siyo kwenye kiti. Jirani yangu Mama Rehema, ambaye familia yao ni wafanyabiashara wa mji huu tangu babu zake, alikuwa amekuja kumjulia Mama hali. Alipotusikia akauliza ni kompyuta gani iliyowashwa Alhamisi, kwa sababu Alhamisi mtaa mzima ulikosa umeme kuanzia saa tatu mpaka jioni, na barafu zake zote za kuuza ziliyeyuka kwenye friji.

Deusi akaiwasha. Ikafunguka mara moja. Akaikagua kwa programu yake ya virusi, kisha kwa nyingine, akachukua karibu saa nzima. Akasema hajawahi kuona mashine safi kama hiyo, hata mpya kutoka kwenye boksi. Nikamwambia tuangalie rekodi. Zilikuwepo zote, kwa majina niliyozipa, kwa urefu wake, hakuna hata moja iliyopungua dakika. Nikashusha pumzi. Akafungua ya kwanza.

Nikajisikia mimi mwenyewe nikimuuliza Mama babu alitokea wapi. Kisha kimya. Lakini hakikuwa kimya cha mashine, maana jogoo alisikika, kikombe kiligonga sahani, redio ya jirani ikaimba kwa mbali, hata pumzi yangu nikisubiri jibu. Kisha mimi nikasema, "Aa, kumbe." Kisha kimya tena. Tukafungua ya pili, ya kumi, ya hamsini. Humo ndani niko peke yangu. Nauliza, naitikia, nashangaa. Katika moja nacheka kwa muda mrefu, nacheka mpaka nakohoa, na hakuna aliyenichekesha. Mama alikuwa amekaa pale anasikiliza. Akanyoosha mkono akamgusa Deusi aizime.

Deusi hakukata tamaa haraka. Alikuja siku tano mfululizo. Aliitoa diski akaipeleka Nyamagana kwa mwenzake aliyemzidi ujuzi, wakajaribu kila njia ya kurudisha vilivyofutwa. Yule mwenzake akasema hakuna kilichofutwa, mafaili ni mazima. Mimi nikakumbuka ile flashi kwenye droo. Nikaitoa, nikaichomeka. Tupu, kama alivyonipa.

Sasa nifike pale ambapo wengine huniambia nimezidisha. Zilipita kama wiki tatu. Ilikuwa saa sita na nusu mchana, mimi na Mama tupo sebuleni tunachambua maharage kwenye ungo mmoja. Nikasikia Mama ananiita kutoka getini.

Aliniita kwa jina langu la nyumbani, ambalo sitaliandika hapa. Watu wanaolijua ni wachache na wengi wao wamekufa. Nikanyanyuka, maana mwili wa mtoto haufikiri ukiitwa na mama yake. Nimeshapiga hatua mbili ndipo nikakumbuka kwamba Mama nimemwacha nyuma yangu. Nikageuka. Amekaa pale, maharage mkononi. Akanishika kifundo cha mkono akanivuta chini. Sauti ikaendelea kutoka nje, ya furaha, ya mtu anayekuja na habari: "Njoo ukae hapa karibu, nikuambie jinsi babu yako alivyovuka." Nayajua maneno hayo. Ni mwanzo wa rekodi ya kwanza kabisa. Ikasema mpaka mwisho, na palepale nilipokuwa nimesema "Aa, kumbe," ikanyamaza kidogo, ikisubiri.

Sikujibu. Ilipoacha nikachungulia, hakuna mtu. Mama Rehema akaja mbio kutoka kwake akiwa na furaha, amemsikia Mama amepona. Kwa hiyo usiniambie ni masikio yangu.

Ikawa inakuja. Si kila siku, na daima mchana, watu wakiwa makazini na mtaa umetulia. Nilimwita mchungaji wetu akaja na wazee wawili wa kanisa. Tukaomba, tukaimba. Katika ubeti wa pili wa wimbo, nje ya dirisha, ikaingia sauti ya pili. Ilikuwa imepangika vizuri, haikukosea hata noti moja. Mchungaji alisita, jasho likamtoka, akamalizia wimbo kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Alituombea baraka akaondoka, na tangu hapo akija kwangu huja na watu, na hakai. Simlaumu. Na wewe ungekuwa yeye ungefanya nini?

Nilijifariji kwa jambo moja. Ile sauti ilikuwa inarudia. Kila ilichosema nilikijua, kilikuwa kwenye rekodi. Nikamwambia Deusi kwamba ni kama kaseti, hata ikitembea ni kaseti tu. Deusi alikuwa na yake ya kumsumbua. Mtu wa Buzuruga na mwingine wa huku kwetu walikuwa wamemshukuru kwa kazi nzuri aliyowafanyia nyumbani, na yeye nyumba hizo hajawahi kukanyaga. Alikwenda kuwaeleza. Mmoja alimfukuza.

Kisha ikafika siku moja ya mawingu, ziwa lilikuwa limeleta baridi, Mama nimemfunika kanga mbili. Tulikuwa tumekaa tumeshikana mikono, kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tunaongea siku hizo. Sauti ikaniita jina langu la nyumbani. Safari hii haikuwa getini. Ilikuwa mlangoni, chini kidogo, pale ambapo kinywa cha mwanamke mzee aliyeinama kingekuwa. Nikangoja nisikie ni rekodi ipi.

Ikasema, "Mwanangu, nifungulie. Huyo uliye naye ndani si mimi."

Maneno hayo hayamo kwenye rekodi yoyote. Naomba unielewe hapa, maana ndipo pananiuma. Ilikuwa sauti ya Mama kwa kila kitu, ule mkwaruzo wake, ule uchovu wa mtu aliyesimama muda mrefu kwa miguu mibovu. Na mimi, kwa muda mfupi sana, usiozidi kupepesa jicho, niligeuza uso nikamwangalia mwanamke niliyemshika mkono. Nikamwangalia kama unavyomwangalia mtu usiyemjua.

Mama akaliona hilo. Akauachia mkono wangu.

Hakukasirika. Aliuachia tu, akauweka mkono wake mapajani, akainamisha kichwa. Nilipiga magoti, nikamkumbatia, nikalia, nikamwambia Mama najua ni wewe, nakujua. Alinipapasa mgongo kama unavyombembeleza mtoto wa jirani. Sauti ikagonga mlango mara moja, ikaondoka.

Mama alifariki mvua za masika zilipokuwa zinakatika. Alilala mchana, hakuamka tena. Miezi yote hiyo hakuwahi kunishika tena mkono kwa kuuanza yeye. Tulimsafirisha Muleba tukamzika katika kibanja, sehemu ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameieleza kwenye rekodi, lakini kwa vile rekodi ni bubu na mimi sikukumbuka sawasawa, ilibidi tubahatishe kati ya mibuni miwili, na mpaka leo sijui kama ndipo alipotaka.

Nilifikiri kwa kuwa mwenyewe ametangulia, na ile nayo itakoma. Siku ya tatu baada ya mazishi dada yangu Koku akanivuta pembeni. Koku ndiye mkubwa wetu, alibaki Muleba akaolewa hukohuko, na kwa sababu ya mbali na shughuli za shamba hakumwona Mama zaidi ya mara mbili katika miaka yake ya mwisho. Aliniuliza kwa nini nilikuwa namdanganya kwamba Mama hawezi kuongea. Nikamuuliza ana maana gani. Akasema kila Jumapili baada ya ibada Mama alikuwa anampigia simu, kwa namba isiyotokea, wanaongea mpaka chaji inaisha. Jumapili iliyopita alipiga, Koku akasema. Jumapili iliyopita Mama alikuwa kwenye jeneza sebuleni kwake Koku.

Nilimweleza Koku kila kitu nilichokueleza wewe. Hakubisha. Alinisikiliza hadi mwisho, akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akaniambia, "Mdogo wangu, wewe ulikaa naye miaka sita. Mimi niachie hii."

Nilikuwa na Mama mzima mkononi na nikamtilia shaka. Yeye hana hata huyo.

Kompyuta ipo, nimeifunika kitambaa. Kuiuza naogopa itakwenda nyumbani kwa mtu. Kuivunja nashindwa, kwa sababu mle ndani, katika kile kimya, bado kuna sehemu ambazo ukisikiliza kwa makini unasikia kikombe cha Mama kinarudishwa kwenye sahani. Nikiiwasha inafunguka haraka vilevile. Haijawahi kukwama tena. Haijapata hata kirusi kimoja.

Kwa hiyo wewe unayesoma, na najua una kompyuta nyumbani au simu iliyojaa sauti za watu wako, sikuambii uache kuisafisha. Isafishe, tena mapema, kabla haijaumwa mpaka ukawa tayari kumkubalia yeyote. Usichomeke kila unacholetewa. Fanya nakala leo, usingoje Jumamosi. Fundi wako akibisha hodi, mpigie simu akiwa palepale mlangoni, usikie kama inaita mfukoni mwake. Akikuuliza achukue nini, muulize kwanza ni kitu gani, kimoja kimoja, na usiseme neno hilo nililolisema mimi. Na mzee wako wa nyumbani akikuambia huyu siye, hata kama macho yake ni mabovu, hata kama juzi alikuita kwa jina la mwenzako, mwache mgeni akasirike.

Hayo yote nilimrudia Koku wiki hii kwa simu. Aliniambia anaandaa chumba cha wageni, amefua mashuka na kutandika, kwa sababu Mama amesema amechoka kuongea kwa simu na anataka kuja kukaa. Nikamsihi. Nikamsihi kwa jina la Mungu na kwa jina la watoto wake. Akanijibu kwa upole kwamba ananielewa, kwamba tutaongea vizuri siku nyingine, ila sasa hivi nimwache kidogo, kuna simu nyingine inaingia.